‘Tuma na ya kutolea’: Hesabu za simu Upareni

Tangawizi ya Mamba Miamba, huku Upareni, hushuka mlimani kwa magunia, lakini malipo yake hayapandi tena na mtu. Mnunuzi yuko Dar es Salaam na fedha zake ziko benki. Anabonyeza simu, na mkulima ambaye pengine hana akaunti benki yoyote anasikia mlio mfukoni. “Imesoma?” “Imesoma.” Mzigo unapakiwa.

Wanaokumbuka zamani wanajua tumetoka wapi. Mtoto aliyepata kazi mjini alituma hela kwa hawala ya posta, au akaifunga kwenye bahasha na kumkabidhi dereva wa basi, kisha mzazi akashuka mjini Same kuisubiri stendi. Basi likichelewa, alilala kwa ndugu. Bahasha ikipungua, ugomvi ulikuwa wa ukoo mzima.

M-Pesa ya Vodacom iliingia nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Miaka ya mwanzo kila mtandao ulijifungia kwake, hivyo watu wakatembea na laini mbili tatu. Kuanzia 2014 mitandao ilianza kufunguliana milango. Benki nazo zikaingia kwenye simu, NMB kwa Mkononi na CRDB kwa SimBanking. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza majaribio ya mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu sehemu moja, badala ya kila benki kujadiliana na kila kampuni peke yake.

Kwa hiyo kutuma si tatizo tena. Tatizo linaanzia kwenye kutoa.

Bibi wa Vudee akitumiwa elfu hamsini kamili, elfu hamsini haimfiki mkononi, kwa sababu wakala hatoi bure. Ndiyo maana kila simu ya kuomba ada au dawa humalizika kwa sentensi ileile: “Mwanangu, tuma na ya kutolea.” Aliyezoea mjini, anakolipa kwa namba dukani na kununua umeme akiwa kitandani, huona kama bibi anabana sana. Lakini bibi ananunua mafuta ya taa na ndizi, na analipa nauli ya bodaboda, na huko kote wanataka noti.

Halafu kuna wakala mwenyewe. Mezani ana simu kadhaa, kila mtandao na yake, pamoja na daftari la mistari ambamo mteja huandika jina, namba, kiasi na sahihi. Kila anayetoa humwachia floti, yaani salio la simu, na kuondoka na noti. Wakati wa mauzo, au Desemba wanaporudi wa mjini, kufika mchana floti imejaa na keshi hamna. Inabidi ashuke Same zilipo benki akabadilishe, na safari hiyo ni nauli na nusu siku bila biashara. Mteja anaambiwa, “Chukua elfu ishirini kwanza, nyingine urudi kesho.” Kesho anakatwa upya. Kwa kuwa makato hupangwa kwa viwango, kutoa vipande vipande mara nyingi humgharimu kuliko kutoa mara moja.

Kwenye hesabu hiyo ndiko serikali ilikoongeza mkono Julai 2021, ilipoanzisha tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Kelele zilikuwa nyingi. Miezi miwili baadaye ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapelekwa hadi kwenye benki, na kabla mwaka haujaisha ile ya kuhamisha fedha benki ikaondolewa. Ya kutuma kwa simu ilifutwa katika bajeti ya 2023/24.

Upareni kelele za kupinga tozo si ngeni. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakapiga kambi Same, makao ya wilaya, wakipinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukisia mali ya mtu na kubebeshwa juu ya kodi ya kichwa. Walihoji nani atapima mali ya mwenzake, na kwa kipimo gani. Baadaye wanawake nao waliingia kwenye mapambano hayo, ambayo mwanahistoria Isaria Kimambo ameyaandikia kitabu. Mwishowe mbiru ilifutwa.

Matapeli nao wana hesabu zao. Ujumbe wao unajulikana nchi nzima: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Mzee anayesubiri kweli kulipa deni anaweza kunasa. Kinga ni jina: kabla ya kuweka namba ya siri, simu huonyesha jina la mpokeaji. Lisome lote. Likiwa geni, acha, mpigie unayemjua, kisha usambaze ujumbe huo kwenda 15040.

Kinachohitajika sasa milimani ni duka, mashine ya kusaga na bodaboda kupokea malipo kwa simu bila kumpandishia mteja bei. Hela ikizunguka hukohuko, haitakatwa kila inapogeuka noti, wala wakala hatashindana na barabara. Mpaka hapo, wewe wa mjini unayepigiwa simu usibishane na bibi. Ongeza ya kutolea.