Je, mswaki wa umeme una thamani ya bei yake?

MISWAKI inayoendeshwa kwa umeme, ambayo zamani haikuonekana ila katika mizigo ya watalii na ya jamaa waliotoka ng'ambo, siku hizi huuzwa katika maduka makubwa na kwa njia ya intaneti. Matangazo yake huahidi meno meupe na fizi imara. Kwa mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe, swali ni moja: je, maelfu ya shilingi yatakayonunua chombo hicho yatayaokoa meno ya jamaa yake, au yangefaa zaidi yakitumiwa kwa jambo jingine?

Swali hilo si la anasa. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya kila 4, na takriban mtu mzima 1 kati ya kila 3 nchini Kenya, alikuwa na tatizo la meno kuoza. Wengi humwendea daktari maumivu yanapowazidi, na wakati huo mara nyingi halibaki la kufanya ila kung'oa.

Ili kupata jibu, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi jino linavyoharibika. Kila siku utando laini wa bakteria hujengeka juu ya meno. Bakteria hao hula sukari iliyomo katika chakula na kutoa asidi, nayo asidi huimumunya polepole ngozi ngumu ya jino hadi tundu likatokea. Utando usipoondolewa, hugeuka kuwa ugaga mgumu ambao hakuna mswaki unaoweza kuung'oa. Fizi nazo huvimba na kutoa damu. Kazi ya mswaki, uwe wa aina gani, ni kuuondoa utando huo kabla haujaleta madhara.

Mswaki wa umeme si uvumbuzi mpya. Ule wa kwanza kupata umaarufu, Broxodent, ulibuniwa nchini Uswisi mwaka 1954. Miswaki ya leo ni ya aina kuu mbili. Kuna yenye kichwa cha mviringo kinachozunguka huku na huku, na kuna ile ambayo nywele zake hutikisika kwa kasi kubwa, mara zaidi ya 30,000 kwa dakika. Mingi huwa na saa ndani yake inayomjulisha mtumiaji kwamba dakika 2 zimetimia, na baadhi hutoa ishara anapokandamiza kupita kiasi.

Je, inasafisha kuliko mkono? Mwaka 2014, watafiti wa shirika la Cochrane walikusanya na kuchambua matokeo ya majaribio 56 yaliyolinganisha aina hizi mbili. Waligundua kwamba baada ya miezi 3 au zaidi, waliotumia mswaki wa umeme walikuwa na utando pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11. Hata hivyo, watafiti hao walikiri kwamba haikuwa wazi tofauti hiyo ina uzito gani kwa afya ya meno ya mtu katika maisha yake.

Utafiti mwingine uliofanywa katika eneo la Pomerania, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watu wazima 2,819 kwa miaka 11. Waliotumia miswaki ya umeme walipoteza meno machache kwa karibu asilimia 20 kuliko wenzao. Lakini utafiti wa namna hiyo huwatazama watu jinsi walivyo. Anayemudu chombo ghali huenda pia akamudu kumwona daktari mara kwa mara, na ni vigumu kutenga faida ya mswaki na faida ya kipato.

Kwa hivyo, manufaa yapo ila si ya miujiza. Wapo watu ambao kwao fedha hizo hazipotei: wazee ambao vidole vyao vimekakamaa kwa baridi yabisi, waliopooza mkono, wenye ulemavu wanaosafishwa meno na wengine, na wanaovaa nyaya za kunyoosha meno. Kwao, chombo kinachofanya kazi ambayo mkono hauwezi ni msaada wa kweli.

Kwa wengine, gharama haiishii dukani. Kichwa cha mswaki hubadilishwa kila baada ya miezi 3, yaani vichwa 4 kwa mwaka kwa kila mtu, na kwa kawaida kichwa cha kampuni moja hakiingii katika mpini wa nyingine. Mpini mmoja waweza kutumiwa na jamaa wote iwapo kila mmoja ana kichwa chake. Aidha, mnunuzi hana budi kuhakikisha kwamba chaja inafaa kwa umeme wa Kenya wa volti 240, kwa kuwa baadhi huja na plagi ya pini 2 isiyoingia katika soketi zetu. Umeme ukipotea, mswaki wenye betri nzuri huendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa. Ule wa bei ya chini huenda ukazimika mapema.

Pwani, jina lenyewe la mswaki lilitokana na kijiti cha mti ambacho hadi leo Waislamu wengi hukitumia kabla ya sala. Kijiti hicho kina sifa zake, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi yake mwaka 1986. Kasoro yake ni kwamba hufika kwa shida kwenye magego na upande wa ndani wa meno, na hakiwezi kuchukua nafasi ya dawa ya meno yenye floraidi.

Floraidi ndiyo kiini cha jambo hili. Madini hayo huimarisha ngozi ya jino dhidi ya asidi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia dawa ya meno yenye floraidi katika orodha ya dawa muhimu. Mnunuzi anashauriwa kusoma maandishi ya pakiti na kuchagua yenye kiwango cha kati ya 1,000 na 1,500 kwa milioni. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutiliwa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Mzazi ndiye anayepaswa kumsugua, au kumsimamia hadi atimize takriban miaka 7.

Jambo jingine litawafaa hasa wakazi wa mitaa ambayo mifereji yake hukauka siku nyingi na maji hununuliwa kwa mtungi. Baada ya kupiga mswaki, inatosha kutema povu bila kusukutua. Floraidi inayobaki mdomoni huendelea kuyalinda meno, na maji nayo huokolewa.

Mswaki wowote hushindwa iwapo sukari haikomi. Mabuyu yaliyotiwa rangi na sukari, soda, chai tamu inayonywewa mara nyingi na peremende zinazotafunwa pamoja na muguka huwapa bakteria chakula mchana kutwa. Anayekula embe bichi au ukwaju naye anashauriwa kungoja angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwani asidi hulainisha ngozi ya jino.

Kwa jamaa yenye fedha za kupimwa, basi, mpangilio ni huu: mswaki wa kawaida wenye nywele laini kwa kila mtu, ubadilishwe kila miezi 3; dawa yenye floraidi; dakika 2 asubuhi na 2 kabla ya kulala; na akiba ya kumwona daktari wa meno kabla jino halijauma. Tundu dogo huzibwa, kubwa hung'olewa, na wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mswaki wa umeme na ununuliwe baada ya hayo yote kutimizwa.