Mwalimu Sikujua na Mashine Isiyokubali Kushindwa

Tuseme kijana wa Majengo anaandika insha ya chuo kuhusu Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa. Usiku anaiomba akili unde imtajie vitabu vya rejea. Asubuhi anapanda tuktuk hadi chuoni, orodha ya vitabu saba iko kwenye simu. Mkutubi anaipekua katalogi, kisha anakwenda mwenyewe kwenye rafu ya PL8704, fungu la fasihi ya Kiswahili. Viwili ni vya kweli: diwani aliyoihariri William Hichens mwaka 1940 na kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha 1979. Vitano havikuandikwa na binadamu yeyote.

Programu hii haikukusudia uongo. Hukadiria tu neno lipi hufuata lipi. Rejea ina umbo lake, jina, mwaka, anwani, mchapishaji, na umbo hilo imelimudu barabara. Ikikosa kitabu hujaza umbo. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kazi ya kuvisaka vitabu hewa imewaangukia wakutubi.

Si kwamba wanaichukia akili unde. Wengi wanaipenda kwa muhtasari wa tasnifu au kupendekeza vichwa vya mada, mradi mtu aipitie kazi yake. Wapo wanaohofia ajira. Mimi naona hofu hiyo imepigiwa kelele kupita kiasi, maana kazi ya kuhakiki ndiyo kwanza imeongezeka.

Na hati zetu za kale je, mashine itaziweza? Muyaka alifariki yapata 1840. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu na katika hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo herufi moja, ba, hubeba sauti za b, p, hata mb. Ukiona ba na ta, ni bata au pata? Sharti uujue ubeti. Mmisionari W. E. Taylor alipozikusanya, aliyemfafanulia ni mwanachuoni wa hapa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890. Karatasi za Taylor sasa ziko SOAS, London. Jina la mwalimu huyo lanichekesha kila nikilikumbuka: sikujua ndilo neno ambalo mashine hizi hulitoa kwa shida.

Basi wewe mwanafunzi, orodha uliyopewa na simu mpelekee mkutubi kabla hujamkabidhi mhadhiri. Hatakutoza hata ndururu.