Jirani anachuma mboga uani, wewe unangoja nini?

MVUA za masika ndizo hizo zinaaga jijini Dar es Salaam. Huku kwetu Mbagala matope yameanza kukauka, na pale bombani mazungumzo yamebadilika. Mwezi uliopita ilikuwa nani kaingiliwa na maji chumbani. Sasa hivi ukipanga ndoo utasikia, "Wangu mchicha umefika kiganja!" Mwingine anajibu, "Mie bamia imeshatoa ua, njoo uone." Hapo kila mtu anavuta shingo.

Na mimi siku hizi namo. Lakini ndugu msomaji, sikuingia kwa mbwembwe. Niliingia kwa aibu.

Ilikuwa Machi, mvua zinaanza. Mimi, kijana niliyemaliza kidato cha nne na cheti kipo kabatini, nikamwambia bi mkubwa anipe hela ya mboga ya wiki nzima, shilingi 10,000, nitamletea bustani. Akanipa. Nikanunua mbegu za mchicha na kiroba cha mbolea ya kuku, ile mbichi kabisa, imetoka bandani asubuhi yake. Nikaijaza kwenye magunia, udongo kidogo tu, nikiamini mbolea ikizidi ndiyo mboga inanawiri. Nikamwaga mbegu.

Siku ya tano mchicha ukachipua. Nikatembea kifua mbele. Siku ya tisa wote umekuwa wa njano, umelala kama umemwagiwa maji ya moto.

Bi mkubwa hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alitazama magunia, akanitazama mimi, akajifunga khanga akaenda dukani kukopa dagaa. Usiku ule dagaa hawakunipita kooni.

Mbolea mbichi ni moto

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa nyumba ya mbele, muuza vitumbua. Alikuja kuteka maji, akanusa, akacheka.

"Mwanangu, hii mbolea bado inachemka. Hebu tia mkono."

Nikatia. Wallahi ilikuwa ya moto!

"Shikamoo mama," nikasema, maana hata salamu nilikuwa nimeisahau.

"Marahaba. Sasa sikiliza."

Akanieleza kwamba mbolea ya kuku ikiwa mbichi ina nguvu kupita kiasi, inachoma mizizi. Irundike chini ya kivuli, inyunyizie maji iwe na unyevu, ifunike, kisha igeuze kila wiki. Ipe kama miezi miwili. Utajua iko tayari ukitia mkono usikute joto, na ukinusa ikawa inanukia udongo, siyo banda. Hapo changanya ndoo moja ya mbolea kwa ndoo tatu za udongo. Kama udongo wenu ni wa kunata, ongeza mchanga ili maji yapite.

Ile yangu nikaitoa nje yote, nikairundika. Huku inaiva, mama wa watu akanigawia ndoo mbili za kwake. Bure!

Gunia nalo lina ufundi

Sisi wapangaji ua wetu ni wa kupishana na kamba za nguo, ndiyo maana magunia yametufaa. Mwenye nyumba hawezi kusema umemchimbia kiwanja. Wenzetu wa Kibera, Nairobi, nao wamelima sana kwenye magunia, hasa tangu 2008.

Kosa la wengi ni kujaza udongo tu. Ukimwagilia, juu kunakuwa tope na chini kukavu. Dawa yake ni hii: chukua kopo la maziwa lililotobolewa juu na chini, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto. Zungushia udongo. Livute kopo juu, jaza tena kokoto, zungushia tena udongo, hivyo hivyo hadi juu. Unapata nguzo ya kokoto katikati, na maji ukiyamwaga hapo yanafika kila kona. Toboa matundu ubavuni upande sukuma wiki au matembele, huku juu ukimwaga mchicha. Tafuta sehemu inayopata jua angalau nusu ya siku. Na uliweke mahali pake kabla ya kulijaza, maana likishajaa utaita wanaume wanne.

Kila mboga na nyodo zake

Haya sasa ni ya bombani, nimeyakusanya ndoo kwa ndoo.

Mchicha: mbegu zake ni ndogo mno, ukizimwaga peke yake zinaanguka lundo. Zichanganye na mchanga mkavu, nyunyiza, funika kwa udongo kiduchu. Wiki ya tatu au ya nne unaanza kula. Ng'oa iliyobanana kwanza, inayobaki ipate nafasi.

Matembele: haya hayana haja ya mbegu. Omba marando kwa jirani, yenye urefu wa kama futi moja. Yaache kivulini siku moja yanyauke kidogo, kisha fukia zaidi ya nusu. Baada ya mwezi hivi unachuma, na ukichuma yanazidi kuchipua.

Bamia: loweka mbegu usiku mmoja. Kati ya mche na mche acha nafasi ya futi moja au zaidi. Inaanza kuzaa kwenye miezi miwili, na hapo usilale. Ichume kila baada ya siku mbili, la sivyo inakuwa kuni.

Nyanya: huyu ni mtoto wa kudeka. Wakati wa masika ukungu unamuua, kwa hiyo miche ya kuhamishia nje sasa ndiyo wakati wake, kipupwe kinaingia. Mpe mti wa kuegemea, punguza majani yanayogusa udongo, na maji mwagia shinani, siyo kichwani. Angalia na kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Ukiona majani yana michirizi myeupe kama mtu kachora ramani, funza yumo ndani. Chuma jani lile, lifunge kwenye mfuko, liweke juani. Usilitupe pembeni, atatoka arudi.

Na wale vidukari wadogo wanaojazana chini ya majani? Nyunyiza majivu asubuhi kukiwa na umande, au maji yenye sabuni kidogo ya kipande. Ukivuna, osha vizuri.

Maji ya mtaro yametugombanisha kidogo

Sasa nije kwenye lililotuumiza vichwa. Pale mtaani kuna mzee mmoja, mchicha wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote. Majani kama sikio la tembo! Sote tulikuwa tunanunua kwake. Siku moja nikamkuta alfajiri anateka maji kwenye mtaro, ule unaopitisha maji ya magereji na ya vyoo vya watu wasio na haya.

Nilikaa nalo siku mbili. Kijana kama mimi nimwambie nini mzee? Lakini wadogo zangu wanakula mboga ile. Tena jambo lenyewe si la kubahatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, hapa hapa Dar, ukakuta zina madini mazito, ikiwemo risasi. Risasi haitoki kwa kuosha, wala haiishi kwa kuchemsha, na inawaharibu watoto ubongo.

Nikamwendea mama wa vitumbua, tukaenda wote. Tukaamkia, tukakaa kwenye mkeka, tukaeleza taratibu.

Mzee akanyamaza. Halafu akasema, "Mnajua ndoo moja ya maji nanunua shilingi ngapi? Nikimwagilia kwa maji ya kununua, huo mchicha mtaununua nyie?"

Msomaji, hapo tulikosa jibu. Mzee si mtu mbaya. Mchicha ule ndio unaomlisha na wajukuu.

Jibu lilipatikana bombani siku ya pili. Kila nyumba ikakubali kutenga ndoo moja ya maji ya kuoshea mchele na mboga, yale ambayo siku zote tunayamwaga uani. Wajukuu wa mzee wanapita jioni kuyakusanya. Mchicha wake sasa yuko kwenye magunia yenye udongo mpya, na lile tuta la mtaroni kapanda maua ya kuuza, maana udongo ule nao umeshakunywa uchafu wa miaka. Majani si makubwa kama zamani, lakini tunanunua na kula bila wasiwasi.

Tufanye hesabu

Nyumbani kwetu tulikuwa tunanunua mafungu mawili kwa siku, shilingi 500 kila moja. Sasa siku nne za wiki tunakula ya uani. Hiyo ni shilingi 4,000 kwa wiki, 16,000 kwa mwezi. Kwa mwenye gari hizo ni pesa za kumpa mlinzi, kwetu ni mkaa.

Juzi jioni bi mkubwa alirudi kutoka kuuza maandazi, biashara ilikuwa mbaya. Akakaa kizingitini, akasema hela ya mboga leo hakuna. Sikusema kitu. Nikachukua ungo nikazunguka uani. Niliporudi akatazama ungo, akanitazama mimi. Safari hii dukani hakwenda mtu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama una gunia moja, udongo na jirani wa kumuuliza, anza wiki hii ardhi ingali na unyevu. Na usione haya kuuliza. Mimi niliona haya, ikanigharimu shilingi 10,000.

Tukutane wiki ijayo, na kucha ziwe na udongo!