Kijana Kapasi Pikipiki Brussels: Achague Ipi ya Kwanza?

Siku hizi familia nyingi za Muscat, Dubai na Doha zina mtoto Ulaya. Mmoja yuko London, mwingine Brussels, anasoma au kafuata kazi. Habari zinazorudi nyumbani ni za baridi, kodi ya chumba na bei ya mchele. Kisha siku moja unaingia ujumbe wa namna nyingine: "Mama, nimepasi mtihani wa pikipiki." Nyumba nzima inashtuka. Mama anataka kukataza, baba anauliza bei, na wajomba wanatuma picha za mapikipiki makubwa yanayonguruma barabarani Muscat asubuhi ya Ijumaa.

Mimi ni karani mstaafu, umri umepita sabini, na niko hapa Brussels kwa watoto wangu. Jamaa wa Ghuba wameniuliza jambo hili mara kadhaa, ndiyo maana naliandika. Nianze na maoni yangu. Kumkataza mtu mzima mwenye leseni yake mkononi hakusaidii. Atanunua kwa siri, atanunua chakavu, na fedha ya koti na kofia itakuwa haipo. Afadhali mzazi ajue anacholipia.

Jambo la kwanza ni kuuliza: kapasi daraja gani? Ubelgiji leseni ya pikipiki si moja. Daraja A1 huanzia miaka 18, nayo ni ya pikipiki zisizozidi 125cc na kilowati 11. Daraja A2 huanzia miaka 20, mwisho wake kilowati 35, yaani nguvu za farasi 47 hivi. Daraja A lisilo na mpaka wa nguvu hutolewa kuanzia miaka 24, au 22 kwa aliyekaa na A2 miaka miwili. Mtihani wenyewe si mchezo. Kuna maswali ya sheria za barabara, kisha kiwanja kilichofungwa ambako mtu huzunguka vigingi polepole, hufunga breki ghafla na kukwepa kizuizi, halafu barabara yenyewe na mtahini akimfuata. Kwa hiyo kijana aliyefaulu hapa hakujifunza kama bodaboda wa kwetu, anayeonyeshwa klachi asubuhi na jioni keshapakia abiria.

Lakini mtihani ni mtihani tu. Umempa ruhusa ya kuanza kujifunza barabarani akiwa peke yake. Pikipiki ya kwanza ni ya kujifunzia, na hapo ndipo vijana na wajomba zao wanapokosea hesabu. Wanachagua pikipiki ya ndoto, ile wanayotaka kuonekana nayo, badala ya ile itakayowasamehe wakikosea.

Tazameni mji wenyewe. Tangu 1 Januari 2021 mwendo wa kawaida katika mitaa ya Brussels ni kilomita 30 kwa saa, isipokuwa barabara kubwa zenye alama nyingine. Mitaa mingi imetandikwa mawe ya mraba yanayoteleza kwa mvua, na mvua ya hapa haisubiri masika. Halafu kuna reli za tramu. Pale Flagey, au Chaussée de Charleroi, au Rue Royale, reli zimelala katikati ya njia yenyewe. Tairi la pikipiki likipanda reli iliyolowa kwa ubavu, linaondoka kama sabuni. Reli hukatwa kwa kunyooka, karibu na pembe mraba, bila breki na bila kukaza mafuta. Sasa niambieni, pikipiki ya 1000cc itafanya nini katika mji kama huo? Itachemka kwenye taa za barabarani na kumchosha mikono.

Kwa mwenye A2, zipo pikipiki zilizotengenezwa makusudi kwa daraja hilo. Honda ina jamii ya 500 yenye silinda mbili, na nguvu zake zimesimama pale pale kwenye kilowati 35. Ni pikipiki tulivu, haikurupuki, na mafundi wanaijua. Katika jamii hiyo kuna Rebel 500, kiti chake kiko sentimita 69 tu kutoka chini, na hiyo huwafaa watu wafupi, mabinti wetu wakiwamo, maana nao wanaendesha. Kawasaki Z400 na Ninja 400 nazo ni nyepesi. Royal Enfield ya 350, inayotengenezwa India, ina nguvu za farasi 20 tu, na vijana huicheka. Mimi siicheki. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, na Jumapili kutembea hadi msitu wa Soignes, inatosha kabisa, na sauti yake inanikumbusha pikipiki ya padri mmoja aliyetusomesha, ambayo tuliisikia kilimani kabla ya kuiona na tukawahi kufungua madaftari.

Yamaha MT-07 ni habari nyingine. Ya kawaida ina kilowati 54, ila huuzwa pia ikiwa imepunguzwa hadi 35, na mtu akipata daraja A hufunguliwa. Kijana hupenda hesabu hiyo kwa kuwa hatahitaji kununua tena. Sina ugomvi nayo, mradi imepunguzwa kwa njia halali na karatasi zinasema hivyo. Sheria ya A2 ina kipengele ambacho wauzaji wa mitaani hukisahau: pikipiki iliyopunguzwa isiwe imetoka kwenye ile ambayo nguvu zake za asili zinazidi mara mbili, yaani zaidi ya kilowati 70. Basi mtu akikwambia anauza kidude cha kilowati 90 "kilichofungwa" kwa A2, huyo anauza kesi. Siku ya ajali, bima humlipa aliyeumizwa, kisha humgeukia mwendeshaji asiye na leseni inayostahili na kudai fedha zake. Deni la namna hiyo humfuata mtu miaka na miaka.

Aliyepasi A1 hana mengi ya kuchagua, naye asione haya. Pikipiki ya 125cc hula mafuta kidogo na kupenya mjini vizuri. Vespa, ambayo Unguja tulizoea kuita hivyo kila skuta hata isiyo Vespa, ni chombo cha heshima Brussels, na watu wa ofisini wanazipanda na tai zao. Hata mwenye leseni ya gari ya Ubelgiji anaweza kuendesha 125cc: aliyeipata kabla ya 1 Mei 2011 bila masharti zaidi, na wa baada ya hapo akiwa amekaa nayo miaka miwili na kupata mafunzo ya saa nne. Ila ruhusa hiyo inaishia mpakani.

Kabla ya kulipa, akae juu ya pikipiki. Nyayo zote mbili ziguse chini bila kunyanyua kisigino. Aishushe kwenye stendi, aisukume nyuma kwa miguu, aigeuze mahali pembamba. Pikipiki nyingi za daraja hili zina uzito wa kilo 170 hadi 200, na mtu anayeshindwa kuisukuma dukani penye sakafu kavu ataiangusha kwenye mawe yenye mvua. Hiyo ni kanuni kuliko rangi na jina.

Mpya au mtumba? Mimi nasema mtumba, wa miaka michache. Pikipiki ya kwanza huanguka, hata ikiwa imesimama, na kuangusha kitu kipya kunauma mara mbili. Lakini isiwe ya zamani mno. Tangu 2017 kila pikipiki mpya inayozidi 125cc inayouzwa Ulaya sharti iwe na breki za ABS, zile zisizokwamisha tairi mtu anapobana kwa hofu. Kwa mwanafunzi wa mvua na reli, ABS ni ya lazima, na sitamshauri mtu anunue isiyo nayo ili aokoe euro mia tano.

Akienda kuangalia mtumba aende asubuhi, na amwambie muuzaji asiiwashe kabla. Injini ikikutwa ya moto, kuna kitu kinafichwa. Atazame ncha za usukani na za mikono ya breki na klachi: zikiwa zimechubuka au kupinda, ilianguka. Apapase fito za mbele kama zinavuja mafuta. Atazame mnyororo na meno yake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye ngozi nzuri lakini kuukuu limeshakuwa gumu, na gumu halishiki njia. Hapa Ubelgiji gari la mtumba huuzwa na hati ya Car-Pass inayoonyesha kilomita zake. Pikipiki haina hati hiyo, kwa hiyo daftari la fundi na risiti ndizo mashahidi. Na tangu mwanzo wa 2023, pikipiki inayozidi 125cc ikiuzwa mtumba lazima ipite ukaguzi wa serikali. Muuzaji anayesema "utaipeleka wewe baadaye, nikupunguzie" aachwe na pikipiki yake.

Karatasi ndiyo kazi yangu, basi mnivumilie. Cheti cha usajili kina sehemu mbili, na zote mbili zitoke kwa muuzaji. Kuna pia cheti cha ulinganifu cha kiwanda. Nambari ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma isomwe na kulinganishwa herufi kwa herufi na ya kwenye cheti. Funguo ziwe mbili. Namba hutolewa na idara ya usajili, DIV, nayo haitoi bila bima, kwa hiyo bima hutafutwa kabla. Tena ningesema iulizwe kabla hata ya kuchagua pikipiki, maana kwa kijana mgeni wa leseni bei ya bima inategemea umri na nguvu ya injini, na mara nyingi ndiyo inayoamua mambo. Bima ya lazima inalipa wengine tu. Ya wizi ni mbali, na Brussels pikipiki huibwa, hunyanyuliwa zikatiwa garini. Mnyororo mzito wa kufungia kwenye nguzo uwemo kwenye hesabu.

Na mavazi. Hapa sheria imesema tangu Septemba 2011: kofia, glavu, koti la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Abiria naye ni hivyo hivyo. Sheria imesema koti tu, haikusema koti gani, kwa hiyo kijana anaweza kuvaa la sokoni akawa halali mbele ya polisi na uchi mbele ya lami. Linunuliwe lenye kinga za mabega, viwiko na mgongo. Kofia iwe na lebo yenye herufi E ndani ya duara. Namba iliyo kando ya E ni nchi iliyoipasisha, na 6 ni Ubelgiji. Kofia ya mtumba asinunue hata ikiwa bure, kwani haijulikani imegonga nini. Mzazi aliye Ghuba anayetaka kutuma zawadi, atume fedha ya hivi, si ya injini. Kama bajeti ni euro 5,000, ningetenga 1,000 kwa mavazi na mnyororo kwanza, kinachobaki ndicho cha pikipiki.

Mtamsikia pia akisema anapita katikati ya magari kwenye foleni. Msishtuke, inaruhusiwa hapa, lakini kwa mipaka: asizidi kilomita 50 kwa saa, na asiyazidi mwendo magari anayoyapita kwa zaidi ya 20. Mwezi wa kwanza na asipite kabisa. Asipakie rafiki pia mpaka aizoee, maana mtu mmoja nyuma hubadilisha breki na kona zote.

Mwisho, chini ya kiti kuna nafasi ndogo. Aweke humo fomu ya ajali inayotumika Ulaya, ile ambayo madereva wawili huijaza na kuitia saini papo hapo, pamoja na kadi ya bima. Na kalamu mbili, kwani ya kwanza itakuwa imeganda kwa baridi.