Kukariri Majibu Hakumfanyi Mtu Mwanahisabati

Kila msimu wa mitihani unapowadia, vibanda vya kurudufu karatasi katikati ya jiji la Nairobi na karibu na mabewa ya vyuo vikuu hupata wateja tele. Mwanafunzi hutafuta maswali ya miaka iliyopita, na aghalabu hutafuta pamoja nayo majibu yaliyoandikwa na mwenzake aliyetangulia. Kuanzia University Way hadi bewa la Chiromo, inapofundishwa hisabati ya Chuo Kikuu cha Nairobi, desturi hii imezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaoitilia shaka. Hata hivyo, ikiachwa iendelee, itatupa wahitimu wenye shahada za hisabati wasioijua hisabati yenyewe.

Tusieleweke vibaya. Maswali ya mazoezi ndiyo uti wa mgongo wa somo hili, na mtu hajifunzi kuogelea akiwa amesimama ufuoni. Kasoro inaingia pale jibu linapomfikia mwanafunzi kabla hajatoka jasho.

Tuyatazame masomo mawili yanayowahangaisha wengi katika miaka ya kati ya shahada. La kwanza ni uchanganuzi wa nambari halisi, ambalo hudai uthibitisho wa kila hatua. La pili ni milinganyo tofautishi, yaani ile inayokieleza kitu kwa kasi ya mabadiliko yake. Wanafunzi wengi huyaona kama wageni wasiojuana: moja ni la ithibati, jingine ni la kanuni za kukokotoa. Kumbe ni ndugu wa toka nitoke, na tangi la maji la mtaani latosha kulidhihirisha hilo.

Wakazi wa Kangemi, Kawangware na Uthiru wanayajua matangi barabara, kwa maana maji ya mfereji mara nyingi huja kwa zamu. Tuseme kuna tangi lenye kuta zilizosimama wima, limejaa hadi juu, na mtu akausahau wazi mfereji ulio chini yake. Tuseme pia kuwa tangi hilo humalizika kwa saa mbili. Je, baada ya saa moja yatakuwa yamebaki maji kiasi gani? Wengi watajibu kuwa nusu. Jibu sahihi ni robo.

Sababu yake imejulikana tangu karne ya 17, alipoieleza Mtaliano Evangelista Torricelli. Kasi ya maji yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji yaliyo juu ya tundu. Kimo kikiwa kikubwa, maji huchupa kwa nguvu. Kikipungua, maji huanza kusuasua. Ukiufumbua mlinganyo huo utakuta kuwa kinachopungua kwa mwendo usiobadilika ni kipeuo cha pili cha kimo, wala si kimo chenyewe. Muda ukifika nusu, kipeuo hicho kimebaki nusu, na nusu ikizidishwa kwa nusu ni robo.

Hadi hapo mwanafunzi aliyekariri hana taabu. Ameliona swali hili katika karatasi za zamani, anajua kuzitenganisha herufi, na atapata alama zake. Lakini mhadhiri akiligeuza swali kidogo tu, mambo huharibika. Tuseme mwenye nyumba ameamka alfajiri na kulikuta tangi kavu. Anataka kujua lilikauka saa ngapi: saa nne za usiku au saa tisa? Mlinganyo ule ule uliotuambia habari za robo sasa unanyamaza. Tangi lililokauka saa nne na lililokauka saa tisa yanafanana kabisa alfajiri. Kwa lugha ya hisabati, majibu mengi yanapita katika nukta moja, na hakuna njia ya kuchagua lililo la kweli.

Hapa ndipo uchanganuzi unapoingia. Mjerumani Rudolf Lipschitz, aliyeishi kati ya 1832 na 1903, alituachia sharti ambalo likitimizwa, mlinganyo huwa na jibu moja tu kwa kila mwanzo. Kwa ufupi, sharti hilo linataka badiliko dogo la kimo lisilete badiliko la kasi lililo kubwa kupita mpaka fulani. Kipeuo cha pili hulivunja sharti hilo kinapokaribia sifuri. Chukua 0.0001: kipeuo chake ni 0.01, yaani kikubwa mara 100 kuliko nambari yenyewe. Chukua 0.000001: kipeuo chake ni 0.001, kikubwa mara 1,000. Kadiri unavyoisogelea sifuri ndivyo uwiano huo unavyopaa bila kikomo. Palipo na sifuri, yaani tangi likiwa kavu, ndipo upekee wa jibu unapopotea.

Aliyekariri alipitaje hapo asione? Ni kwa sababu katika hatua yake ya kwanza aligawa kwa kipeuo cha kimo bila kujiuliza kama si sifuri. Onyo la kutogawa kwa sifuri alilisikia katika shule ya upili. Alilisahau kwa kuwa karatasi aliyoinunua haikulitaja.

Atakayesema kuwa huu ni mchezo wa wasomi na asizinge macho yake mbali. Milinganyo ya aina hii hutumika kukadiria kuenea kwa maradhi, ukuaji wa idadi ya watu na mahitaji ya maji ya jiji. Mtaalamu asiyejua masharti ya kanuni anayoitumia ataitumia hata mahali isipofaa, na watakaoumia ni watu ambao hawajawahi kuuona mlinganyo wowote.

Isitoshe, wengi wa wanafunzi hawa watakuwa walimu. Mwezi Aprili 2025, Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa hisabati itabaki somo la lazima katika sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi, ingawa kwa viwango viwili. Mtaala huo unasisitiza kutenda kuliko kukumbuka. Mwalimu aliyepata shahada kwa kukumbuka atawafunza nini watoto wetu?

Haifai kuwatwika wanafunzi lawama zote. Tangu 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwasajili wanafunzi wa kujilipia kwa wingi, mzigo wa wahadhiri uliongezeka, na si rahisi mtu mmoja kusahihisha mazoezi ya mamia ya wanafunzi kila wiki. Swali la mwaka jana linaporudi mwaka huu vilevile lilivyokuwa, mwanafunzi anayelikariri anafanya jambo la akili.

Lakini yapo yanayowezekana bila fedha nyingi. Mhadhiri na aongeze swali moja katika kila zoezi linalouliza ni wapi kanuni inashindwa, kwani swali la namna hiyo halikaririki kwa wepesi. Wanafunzi nao, katika vikundi vyao vya kudurusu, wakubaliane kuwa hakuna atakayefungua majibu kabla ya kila mmoja kujaribu kwa kalamu yake. Kisha aliyefaulu asimame ubaoni awaeleze wenzake, na ikiwezekana aeleze kwa Kiswahili. Anayeweza kueleza kwa nini tangi kavu halisemi lilikauka saa ngapi, bila kujificha nyuma ya alama na istilahi za kigeni, huyo amelielewa somo. Asiyeweza na arudi kwenye daftari lake, kwa kuwa kazi yake bado haijaisha.