Kuanza programasio bila kuwa umesoma informatike

Wengi wanaomaliza lisanse ya agronomia, sheria ao ualimu wanajiambia: programasio ni ya watu wa informatike. Wale wanaojaribu nao wanamaliza mega yote wakiangalia video za kulinganisha lugha: Python, Java ao C? Mwezi unapita, hata mustari moja hawajaandika.

Swali la lugha lisikupotezee siku. Chukua Python, Muholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Ni ya bure, maandishi yake ni mafupi, na maelezo yake rasmi yako pia kwa Kifaransa. Kama hauna ordinatere, telefone ya Android inatosha kwa kuanza: Pydroid 3 unaishusha mara moja, kiisha unaandika bila intaneti.

Kuprograma ni kuandikia mashini maagizo, moja nyuma ya ingine. Nayo inafanya paka kile umeandika, haikisii ulichotaka kusema. Ndiyo maana ninashauri uanze na hesabu ambayo tayari unaiweza kwa kalamu. Sisi wa agronomia tuko na hii: mahindi ya nafasi ya sentimeta 75 kwa 25, mmea moja kwa shimo, hektari moja (meta za mraba 10 000) inabeba mimea ngapi?

print(10000 / (0.75 * 0.25))

Jibu: 53333.333333333336. Juu hesabu unaijua, unaona mara moja kama jibu ni la kweli. (Theluthi ya mmea, hiyo tuachie mashini.)

Sasa mtego wetu. Shuleni tulizoea kuandika 0,75 na virgule. Jaribu hivi:

eneo = 0,75 * 0,25
print(10000 / eneo)

Mustari wa kwanza unapita bila kelele. Kwa Python virgule inatenganisha vitu, basi ndani ya eneo mashini imeweka vitu vitatu: 0, kisha 75 * 0 ambayo ni 0, kisha 25. Ni kwenye mustari wa pili ndipo inagoma, na inaandika TypeError kwa Kiingereza. Wanafunzi wengi wanaacha hapo, wanafikiri akili yao ndiyo imeshindwa. Apana. Soma kwanza mustari wa mwisho wa ujumbe, ndio unasema aina ya kosa. Juu yake kuko namba ya mustari uliogoma. Kiisha panda juu kidogo: andika print(eneo), uangalie iko na nini ndani. Ni kama majani ya mahindi yanayogeuka manjano: unaona kwenye jani, lakini shida unaitafuta kwenye udongo.

Na ChatGPT? Ukiiomba iandike yote, itaandika. Lakini siku programu imetoa mimea 5 333 kwa hektari na mukulima ameisha kununua mbegu, ni weye utasimama mbele yake, haiko ChatGPT.

Hatua inayofuata: fanya programu iulize nafasi yenyewe kwa input. Angalia, input inaleta maandishi, haileti namba; "5" * 3 inakupa 555. Zungushia float kwanza: float(input()), kiisha piga hesabu.