Kutembea kwa Miguu Katika Mji wa Kale wa Kilwa Kisiwani



Watu hutoka nchi za mbali. Hupanda ndege, hupanda gari, hupanda mashua, ili waje kutembea kwa miguu Kilwa Kisiwani. Sisi tunaokaa Kilwa Masoko tunakiona kisiwa kile kila siku ng'ambo ya maji. Wenzetu wa Kivinje, Nangurukuru na Lindi wanakisikia. Lakini ukiuliza nani amefika, mikono inayonyooshwa ni michache.

Wanakisomo wangu waliniambia hivi: "Mwalimu, habari za Kilwa tumezisoma. Sasa tupeleke tukaone." Basi tulikwenda. Safari yenyewe si ngumu. Hata mzee mwenye mkongojo tulikuwa naye, na alirudi salama. Nawaelezeni njia, na pia nawaelezeni jambo lililotusumbua njiani.

Kwanza, kibali. Magofu ya Kisiwani yanalindwa na sheria. Hivyo kabla ya kuvuka unapitia ofisi ya wahifadhi pale Kilwa Masoko, unaandika jina lako na kulipa kiingilio. Mwananchi halipi sawa na mgeni wa nje, analipa kidogo. Dai stakabadhi yako uisome. Kisha tafuteni kiongozi wa njia. Vijana wa Kisiwani wanaijua kazi hiyo, na ukitembea na mtu wa pale unasikia mengi yasiyoandikwa popote.

Pili, maji. Ulizeni nahodha bahari inajaa saa ngapi na inakupwa saa ngapi. Kuvuka ni kitambo kidogo tu, lakini mkichelewa mkakuta maji yamekupwa, mtashuka kwenye tope na kutembea na viatu mkononi. Chukueni maji ya kunywa na kofia. Jua la pale halina mchezo.

Mashua inafika mbele ya Gereza. Ndilo jengo kubwa la kwanza utakaloliona, na si jela kama wengi wanavyofikiri. Ni ngome. Wareno waliuteka mji wa Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome hapo, na mwaka 1512 wakaondoka. Jengo tunaloliona leo sehemu yake kubwa ni ya wakati wa Waarabu wa Omani, karibu na mwaka 1800. Wataalamu wa lugha wanasema neno letu gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Angalia jinsi neno linavyosafiri!

Sasa zunguka upande wa baharini. Utaona kuta zilizomeguka na mawe yaliyoanguka chini ufukweni. Hakuna mtu aliyezibomoa. Ni mawimbi. Bahari inakula ardhi iliyo chini ya ukuta kidogo kidogo, na ukuta ukikosa pa kukanyaga unaanguka. Shikeni jambo hili, tutalirudia.

Kutoka hapo njia inapanda taratibu hadi Msikiti Mkuu. Hapa msiwe na haraka. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, umri wake unapita miaka 800. Baadaye msikiti uliongezwa upande wa kusini, ukawa mkubwa sana, wenye nguzo, matao na kuba. Yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni, kama wazee wetu wa pwani walivyoendelea kufanya hadi juzi juzi. Ina maana ujuzi haukutoka mbinguni. Ulikuwa mikononi mwa mafundi wa hapa.

Mwaka 1331 msafiri mmoja kutoka Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Aliusifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Sultani wa wakati huo aliitwa al-Hasan bin Sulaiman, na watu walimpa jina la Baba wa Zawadi kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anaeleza kwamba siku ya Ijumaa, baada ya swala, maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani alirudi ndani, akavua, akavaa nguo nyingine, akampa yule maskini zile alizovua. Watu wakashangilia. Baadaye mtoto wa sultani alizirudisha zile nguo kwa kumpa maskini watumwa kumi, na sultani aliposikia akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nilipomaliza kusimulia, mama mmoja katika kundi letu aliuliza, "Na hao watumwa ishirini, wao nani aliwauliza?" Sikuwa na la kujibu. Nilimwambia swali lake ni zuri kuliko hadithi yangu.

Utajiri ule ulitoka wapi? Kilwa ilishika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, kusini kabisa katika nchi ya Msumbiji ya leo. Dhahabu ilipanda jahazi kuja Kilwa, nguo na vyombo vikashuka kutoka Bara Arabu, Bara Hindi na China. Masultani wa hapa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Mpaka leo ukitembea chini unaona vigae vya sahani za China. Tazama, lakini usiokote. Kigae kikiwa mahali pake kinamweleza mtaalamu habari. Kikiwa mfukoni mwako ni takataka tu, tena ni kosa kisheria.

Karibu na hapo upo msikiti mdogo wa kuba, uliohifadhika vizuri kuliko majengo mengine mengi. Ingia kwa adabu, tulia, tazama juu.

Ukiteremka tena kuelekea majini unafika Makutani, nyumba ya kifalme yenye kuta ndefu. Wakati wa karne ya 18 mtawala aliishi hapa. Dhahabu ilikuwa imekwisha kitambo, na biashara iliyobaki ilikuwa ya watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia mkono mkataba na Mfaransa mmoja aitwaye Morice. Mkataba ulisema Mfaransa atapewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa muda wa miaka 100. Wengi walipelekwa kulima visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Karatasi moja tu, ndugu zangu, na waliouzwa humo hawakuweza kuisoma.

Mbele ya Makutani ndipo ilipo mikoko, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Mikoko si mti mmoja. Kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui. Kuna mkandaa wa boriti. Kuna mchu, ambao mizizi yake inachomoza topeni kama penseli ili ipate hewa. Kuna msinzi na mlilana. Mizizi hii inafanya kazi mbili. Inashika tope lisichukuliwe, na inavunja nguvu za wimbi kabla halijafika nchi kavu. Humo humo ndimo watoto wa samaki na kamba wanamojificha mpaka wakue. Mikoko ikikatwa, tope linaondoka, wimbi linapiga ukuta moja kwa moja. Ndiyo habari ya Gereza. Na makaburi ya zamani yaliyokuwa karibu na ufuko yalipata shida hiyo hiyo, mengine yamekwisha kuliwa na bahari.

Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara vilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 vikatiwa katika orodha nyingine, ile ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya kuta kuanguka na bahari kula ufuko. Kazi ikafanyika. Serikali na wafadhili, wakiwemo Wafaransa na Wajapani, walisaidia kutengeneza kuta. Nyavu za waya zilizojazwa mawe zikapangwa ufukweni. Wanakijiji wakapanda mikoko. Mafundi wa hapa hapa wakafunzwa kuziba nyufa kwa chokaa, siyo saruji, maana saruji ni ngumu mno na inazuia unyevu kutoka. Ukiipaka juu ya tumbawe, jiwe ndilo linalopasuka. Mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha ya hatari. Lakini bahari haisomi orodha. Kila bamvua inarudi.

Hapo yule mzee wetu mwenye mkongojo akasema, "Mwalimu, mimi nimejenga nyumba tatu kwa boriti za mkandaa. Baba yangu pia. Mnatuambia tusikate. Haya, tujenge kwa nini?"

Sikutaka kumdanganya. Mikoko ya pwani yetu ni msitu wa hifadhi wa Serikali, na kukata bila kibali cha wenye misitu ni kosa. Hiyo ni sheria. Lakini ni kweli pia kwamba boriti ya dukani ina bei, na matofali yana bei, na mvua haingoji mtu apate fedha. Kwa maoni yangu, katazo peke yake halitoshi. Kijiji kikipanda miti ya kujengea shambani, miaka michache baadaye mtu anapata fito na nguzo bila kugusa ufuko. Na kwa kuwa wageni wanalipa viingilio kuja kutembea hapa, ni haki ya wanakijiji kuuliza ni kiasi gani kinawafikia na kinafanya nini. Pa kuuliza ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila miezi mitatu na husomewa mapato na matumizi. Anayejua kusoma hesabu ile ana nguvu mkutanoni. Mzee alitikisa kichwa akasema, "Tutaona." Nadhani hakukubali yote.

Mwenye miguu mizuri aendelee hadi Husuni Kubwa, mwendo wa polepole usiozidi saa moja, katikati ya minazi na mibuyu. Ni jumba alilojenga yule Baba wa Zawadi juu ya mwamba unaotazama bahari. Lina vyumba vingi sana, na birika la kuogelea lenye pembe nane. Watoto wa kisiwani watakuonyesha. Kando yake ipo Husuni Ndogo, yenye kuta nene, na mpaka sasa wataalamu hawajakubaliana ilikuwa ya kazi gani. Msipande juu ya kuta, na msiwaache watoto peke yao karibu na ukingo.

Sisi tulirudi kwa njia ile ile. Nahodha alikwisha kuanza kuita, maji yalikuwa yanatoka. Wanne wetu walishuka wakasukuma mashua, tope likiwafika magotini, na yule mama wa swali la watumwa akiwachekea kutoka juu.